Makabati ya Jikoni

Wenzangu mliopo na ninyi mliotutangulia, kila mmoja wenu aliyekula posho na maharagwe katika shule hii anayajua makabati ya jikoni. Yako upande wa kushoto unapoingia, chini ya dirisha kubwa, na ndani yake huwekwa sahani, vikombe, chumvi, sukari na majani ya chai. Milango yake ni 14 na droo zake ni 6. Wengine wenu mtayakumbuka yakiwa meupe, wengine yakiwa ya buluu, na wale wa siku nyingi zaidi labda mtayakumbuka yakiwa ya kijani. Mimi niliyakuta na rangi zote tatu kwa pamoja, kwa maana nyeupe ilikuwa imebanduka ikaonyesha buluu, na buluu nayo imebanduka ikaonyesha kijani.

Nataka kuwaeleza jinsi tulivyoyarudisha makabati hayo katika hali njema bila ya kununua mapya, na jinsi nilivyokosa kabla ya kufanya kazi hiyo. Mhariri aliniambia kwamba naweza kuandika habari ya kazi na kuliacha kosa. Nimeona haifai, kwa sababu kazi yenyewe nilifundishwa na kosa.

Muhula wa kwanza wa mwaka huu nalikuwa kiranja wa jiko. Siku moja mtoto wa Kidato cha Kwanza alinijia na sahani yake mkononi. Juu ya maharagwe palikuwa na kipande cha rangi, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, cheupe upande mmoja na kijani upande wa pili. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama akiondoe aendelee kula, au amwage chakula chote. Sikuwa na jibu. Nikampa sahani yangu, nami nikaichukua yake kwa Mwalimu Mkuu.

Basi akaitwa fundi mmoja wa mjini kuja kupima. Alisema makabati hayo yamekwisha, yang'olewe, yawekwe mapya ya zile mbao za kushindiliwa kwa unga wa mbao na gundi. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 4 na laki 2. Fedha hizo zilikuwapo, lakini zilikuwa zimechangwa na wanafunzi wa zamani kwa ajili ya tangi la maji ya mvua. Aliyesoma hapa wakati wa kiangazi anajua maana ya tangi hilo. Anajua safari ya kushuka bondeni kabla ya kengele ya kwanza, na jinsi dude la maji linavyozidi uzito kila hatua ya kupanda kilima. Kununua makabati ilikuwa ni kuliahirisha tangi, na hakuna aliyejua litaahirishwa mpaka lini.

Katika mkutano wa viranja nikasimama nikasema, "Nipeni laki moja, nami nitayapaka rangi mpaka yawe mapya." Nilisema kwa sauti kubwa. Kwa kweli sikuwa nimepata kupaka rangi kitu chochote ila jina langu juu ya sanduku.

Jumamosi iliyofuata mimi na rafiki zangu wawili tulinunua kopo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi mbili. Hatukuifungua milango. Tulipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, tukapaka milango minne. Jioni iling'aa kama meno. Mwalimu Mkuu alikuja kutazama akafurahi, na Jumatatu alinisifu mbele ya shule nzima katika mkutano wa asubuhi.

Siku ya tisa niliona lengelenge dogo kwenye mlango wa kwanza. Nililigusa kwa kidole, na rangi ikateleza kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Baada ya majuma mawili milango yote minne ilikuwa ikibanduka, tena vibaya kuliko ile ambayo hatukuigusa.

Niliitwa ofisini. Mwalimu Mkuu aliniuliza kwa upole imekuwaje. Hapo ndipo nilipokosa. Nilijibu, "Ni mvuke, Bwana. Mzee huacha sufuria wazi, na mvuke wote huenda kwenye milango."

Mzee ni mpishi wetu mkuu. Ninyi mliomaliza zamani mnamjua. Alijifunza Kiswahili chake Mombasa alikokuwa akipika ujanani, na ndiyo sababu jikoni kwetu hakisemwi sana Kiingereza wala lugha za nyumbani. Aliitwa akaja, mikono yake ingali na unga. Mwalimu Mkuu akamweleza nililosema. Mzee alinitazama kitambo, kisha akasema, "Jiko halikosi mvuke, Bwana Mkuu. Nitafunika sufuria." Akatoka.

Sasa, aliyewahi kusonga posho ya watu mia nne anajua kwamba sufuria ile haifunikiki. Mzee alikuwa akisonga kwa mkono mmoja na kushika mfuniko wa chuma kwa mkono wa pili, ili mvuke usiende upande wa makabati. Siku ya tatu nilimwona amefungwa kitambaa kwenye kiwiko cha mkono. Mfuniko ulikuwa umemchoma. Nilichukua chai yangu nikatoka nje kuinywa, maana sikuweza kuinywa mbele yake.

Juma lile alikuja fundi seremala anayetutengenezea vitanda na madawati. Alipita jikoni kuomba maji ya kunywa, akaiona milango yangu. Alibandua kipande cha rangi, akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na rangi ya kahawia yenye kunata. Alikisugua kwa vidole, akaninusisha. Kilinuka mafuta ya kukaangia.

"Hii si kazi ya mvuke," alisema. "Rangi haikushika mbao. Ilishika mafuta. Nani aliyepaka?"

Nikamwambia ni mimi. Akachukua patasi akakwaruza pembe ya mlango, polepole, tabaka baada ya tabaka. Chini ya nyeupe ya zamani palikuwa na mstari mweusi wa masizi. Chini ya buluu palikuwa na mstari mwingine. Chini ya kijani palikuwa na wa tatu, mwembamba. "Unaona?" akasema. "Kila aliyepaka alifanya kama wewe. Kila mmoja alipaka juu ya uchafu wa mwenzake." Kisha patasi ikafika kwenye mbao, akanyamaza. Mbao ilikuwa ya dhahabu iliyoiva, ngumu, haina hata tundu moja la mdudu.

"Mvule," akasema. Fundi huyu ni mtu wa Busoga, na Busoga ndiko ulikokuwa ukisifika mvule zamani. Alinieleza kwamba mti huo hukua kwa miaka mingi, kwamba mchwa hawaupendi, na kwamba siku hizi kuupata mti mkubwa ni taabu kwa jinsi ulivyokatwa. "Nanyi mnataka kuutupa," akasema, "mlete unga ulioshindiliwa, ambao ukipata maji unavimba kama mkate."

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee. Alikuwa ameketi juu ya kigoda akichagua mawe katika maharagwe. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba." Nikamwambia yote, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilimsingizia. Hakuacha kuchagua maharagwe.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikuona unapangusa milango kwa kitambaa kikavu."

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Wewe ulikuwa umekwisha sema." Akatupa jiwe moja nje ya mlango. "Neno ulilolipeleka kwa Mkuu, kalitoe kwa Mkuu. Kisha uje, nikuonyeshe namna ya kuosha mafuta."

Asubuhi nilikwenda. Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwa kuwa sifa nilipewa mbele ya shule, basi na haya nikayaseme mbele ya shule. Nikayasema. Baadaye akanipa nafasi ya pili. Nilipewa likizo ya majuma matatu na laki 3 zaidi, na fundi seremala awe msimamizi. Kama tungeshindwa, makabati mapya yangeagizwa siku ya kufungua.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, ili kiranja wa jiko wa miaka ijayo asianze gizani kama mimi.

Kabla ya yote, mwalimu wetu wa kemia alituzuia. Alisema rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za manjano na kijani, zilichanganywa na madini ya risasi, na kwamba risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto hata ikiwa kidogo. Hatukuwa na kipimo, kwa hiyo tukaifanya kana kwamba ina risasi. Rangi ya namna hiyo haikwaruzwi ikiwa kavu, maana vumbi lake huingia kinywani na puani. Wala haichomwi kwa moto, maana moshi wake una sumu vile vile. Niliposikia hayo nilikumbuka kwamba muhula mzima watoto wa zamu walikuwa wakifagia vipande vya rangi na kuvitupa katika moto wa kupikia, nami kiranja nikiwatazama.

Basi wadogo hawakuruhusiwa kukaribia. Tulikuwa watano wa Kidato cha Sita. Vyombo na vyakula vyote vilihamishiwa darasani. Tulifungua milango yote kwa bisibisi, tukaweka bawaba na skrubu za kila mlango katika mfuko wake, na kila mlango tukauandika namba kwa chaki. Kazi ilifanyika nje, mbali na kisima na bustani, juu ya turubai kubwa.

Kwanza ni kuosha. Mzee alichemsha maji akatia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, lakini mengi. Magadi yana nguvu juu ya mafuta kama sabuni. Tulisugua kwa brashi ngumu, na maji yaliyotiririka yalikuwa meusi kama kahawa. Tukaosha tena. Mara ya tatu maji yalipokuwa meupe tukasuuza kwa maji matupu, kwa sababu magadi yakibaki juu ya mbao nayo huzuia rangi isishike. Nilimuuliza Mzee kwa nini tuoshe mara tatu. Alisema, "Uliza maji, usiniulize mimi."

Pili ni kukwaruza. Tulilowesha kila mlango, tukakwaruza kwa visu butu na kwa msasa wa maji, na kila mara tukilowesha tena. Vipande tulivifunga katika magazeti yaliyolowa, tukavitia katika debe lenye mfuniko. Tuliosha mikono kabla ya kula, na nguo za kazi tulizifua peke yake. Milango 14 ilituchukua siku sita. Rangi ilitoka kwa urahisi mahali pengi, kwa sababu ilikuwa imeshika mafuta tu tangu mwanzo.

Fremu zilizojengewa ukutani hatukuzikwaruza mpaka kwenye mbao. Fundi alisema rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kusumbuliwa. Toa iliyolegea tu, osha, iguse kwa msasa wa maji mpaka mng'ao wake ufe, kisha paka rangi ya msingi na juu yake rangi mbili nyembamba. Ndivyo tulivyofanya.

Tatu ni kukausha. Milango iliyolowa haianikwi juani, maana itapinda. Tuliiegemeza ukutani, chini ya baraza, siku tatu, tukiigeuza asubuhi na jioni.

Nne ni msasa mkavu, baada ya rangi yote kwisha. Neno hili msasa tunalitaja kila siku bila ya kufikiri. Fundi alinikumbusha kwamba msasa ni mti, ambao majani yake yanakwaruza, na kwamba mafundi wa zamani walisugulia majani hayo kabla ya kuletwa karatasi za dukani. Karatasi zina namba nyuma yake. Namba ndogo hukwaruza sana, namba kubwa hulainisha. Tulianza na 80, tukafuata 120, tukamaliza na 180, kila mara tukienda na nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kuzungusha, mikwaruzo itaonekana milele. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo tulifunga vitambaa usoni. Mahali pamoja nilisikia msasa ukilia kama juu ya jiwe, na kumbe ni jiwe kweli. Mvule hutengeneza ndani yake vijiwe vigumu kama chokaa, na hivyo huharibu misumeno ya watu. Matundu yote tuliyaziba kwa unga wa mbao ule ule uliochanganywa na gundi.

Mbao ilipokuwa wazi namna ile hakuna aliyetaka kuifunika kwa rangi. Tukakubaliana kuipaka vanishi, ili mti uonekane. Mlango wa kwanza ukatukatisha tamaa. Siku ya pili vanishi ilikuwa ingali inanata, na siku ya tatu vile vile. Nilidhani nimekosa tena. Fundi akaeleza kwamba mvule una mafuta yake wenyewe ndani, nayo huzuia vanishi isikauke. Dawa yake ni kupangusa mbao kwa kitambaa chenye tapentaini muda mfupi kabla ya kupaka, na vanishi ya kwanza iwe nyembamba sana. Tulifuta mlango ule tukaanza upya, na safari hii ulikauka kwa usiku mmoja. Tulipaka mara tatu, na katikati ya mara moja na nyingine tukagusa kidogo kwa msasa laini wa 240.

Likabaki kurudisha milango mahali pake, na hapo tukagundua ujinga wetu mwingine. Namba tulizoandika kwa chaki zilikuwa zimekwenda na maji ya kwanza. Milango 14 inafanana, lakini si sawa. Huu umezidi unywele, ule umepungua. Tulijaribu asubuhi nzima. Ndipo mwenzangu mmoja, akitazama ukingo wa juu wa mlango, akaona mikato midogo ya patasi. Ilikuwa ni namba za Kirumi, kuanzia I mpaka XIV. Tukapanda kwenye kiti tukatazama fremu, na huko pia, chini ya rangi tuliyoilainisha, zilikuwapo namba zile zile. Milango yote ilirudi kabla ya chakula cha mchana, na kila mmoja ukafunga kwa kusukumwa na kidole.

Kwa jumla tulitumia laki 3 na elfu 65, pamoja na ile ya kwanza niliyoiharibu. Tangi la maji limeanza kujengwa nyuma ya bweni la pili. Wageni hutuuliza makabati mapya yamenunuliwa wapi. Siku ya kufungua Mwalimu Mkuu alikuja jikoni, akafungua mlango mmoja akaufunga, kisha akamwambia Mzee aache kushika mfuniko. Mzee alisema ahsante. Kiwiko chake kimepona, ila alama imebaki, nami huiona kila ninapopokea chakula.

Kwa atakayenifuata: makabati hayo yapanguswe kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na baada yake kwa kitambaa kikavu. Vanishi ikianza kufifia, usingoje ibanduke. Osha, gusa kwa msasa laini, paka mara moja. Itakuwa kazi ya siku mbili badala ya majuma matatu. Na kabla ya kupaka kitu chochote, sugua kwa kidole, unuse.

Na kwenu wanafunzi wa zamani, nina ombi. Fundi anasema mikato ile si ya kiwandani, ni ya mkono wa mtu aliyekuwa akijifunza, kwa maana namba IX imekatwa mara mbili. Ya kwanza ilikosewa ikasuguliwa. Zamani palikuwa na darasa la useremala hapa. Kama yuko msomaji aliyezikata namba zile, au anayemjua aliyezikata, tafadhali amwandikie Mhariri. Tungependa kumwambia kwamba milango yake ingali inafunga.